Rahani Iliyopona

Hapo zamani, wakati kila mji wa pwani ulipokuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na wazimu wake, mji wa Shangarani ulitawaliwa na Sultani Badrudini, naye alikuwa mtu aliyependa sheria kama wengine wapendavyo halua. Basi Sultani huyo alijenga nyumba ya tiba, kuta zake za mawe na chokaa, kisima ndani yake, madirisha ya vyuma yanayotazama sokoni, akamweka humo Tabibu Zahrani, bingwa wa homa na majipu, aliyejisifu kwamba ugonjwa akiufukuza yeye haujapata kurudi. Jambo hilo lilikuwa kweli na watu walimshukuru Mungu kwa ajili yake. Shida ilikuwa mlango.

Mawaziri, makarani, maaskari na wake zao walivaa shingoni kipande cha shaba chenye muhuri wa Sultani. Mwenye shaba akipiga chafya, hazina ililipa. Asiye na shaba, yaani mji wote uliobaki, alitakiwa aje na fedha mkononi au aweke rahani, yaani kitu cha thamani cha kushikiwa deni. Tena akiisha kupona asitoke mpaka amelipa chote, na kila siku anayongoja humo, uji wake na mkeka wake na maji yake ya kunawa vikaongezwa juu ya deni. Ndiyo maana watu wa Shangarani walikuwa wakisema kwamba katika nyumba ile wote hulazwa sawasawa, ila wenye shaba ndio wanaoamka wakaenda kwao.

Katika mtaa wa Mkunguni palikuwa na mjane jina lake Bi Mashavu binti Haji, mshonaji wa kofia. Kofia zake zilijulikana kwa kuwa tundu la mwanzo na la mwisho yalikuwa na upana mmoja, na ulimi wake ulijulikana kwa jambo hilo hilo: hakupunguza wala hakuzidisha. Alikuwa na binti mmoja, Zuwena, na binti huyo alikuwa ameolewa na Shaame, muuza chumvi.

Huyu Shaame mji mzima ulimwita mpumbavu, kwa sababu alitenda kila jambo kama alivyoambiwa. Jirani alipomwomba akae mlangoni asimruhusu mtu yeyote kuingia, alimzuia mwenye nyumba mwenyewe mpaka Isha. Chumvi yake ilinyeshewa kila masika, na kila masika alishangaa. Bi Mashavu hakumtukana mbele za watu, kwa kuwa mkwe ni mkwe, lakini nyumbani alikuwa akimwambia Zuwena, "Mwanangu, mumeo ukimtuma kuni ataleta kuni. Moto usimtarajie."

Ikawa mwaka ule Zuwena akapata mimba yake ya kwanza. Na desturi ya Shangarani ni kwamba mtoto wa kwanza hupokewa na mama wa mzazi. Mkunga hukaa pembeni akaelekeza, lakini mikono ni ya mama. Bi Mashavu alikuwa na sababu yake ya kuishika desturi hiyo kuliko wengine. Yeye mwenyewe alimzaa Zuwena katika nyumba ya wageni, mama yake akiwa safarini, na hakuwahi kusahau jinsi alivyokuwa akiita na kila aliyeitika hakuwa yule amwitaye. Basi alikuwa ameapa kwamba mwanawe hataita bure.

Mimba ilipokuwa kubwa, ukamtoka Bi Mashavu uvimbe chini ya goti la kushoto. Siku ya kwanza akaupaka majivu ya moto. Baadaye ukawa mwekundu, ukapanda pajani, homa ikamshika, akawa hawezi kusimama wala kula, na sindano yake ikalala kwenye kofia isiyokwisha. Zuwena akalia, akamwambia mumewe, "Mpeleke kwa Tabibu. Akifa huyu, nami nitazaa na nani?"

Shaame akawaita majirani wanne, wakambeba Bi Mashavu juu ya kitanda cha kamba mpaka mlango wa nyumba ya tiba. Bawabu akatoa kichwa.

"Shaba mnayo?"

"Hatuna."

"Fedha?"

"Hatuna."

"Rahani?"

Shaame akajitazama kiunoni, akawatazama majirani, nao wakatazama angani. Nyumbani palikuwa na chungu, kinu na gunia la chumvi iliyoyeyuka. Akamtazama Bi Mashavu kitandani.

"Rahani ni hii hapa," akasema.

Bawabu akacheka mpaka akamwita Tabibu mwenyewe aje asikie. Tabibu Zahrani akatoka, akapapasa ule mguu, akakunja uso, kisha akamgeukia Shaame. "Ewe bwana, unaniwekea mgonjwa mwenyewe kuwa rahani ya tiba yake?"

"Sina kitu kingine cha thamani, Tabibu."

Tabibu akafikiri. Akaona kwamba chungu kinaweza kuachwa na kinu kinaweza kusahauliwa, lakini nani atamwacha mama mzaa mke? Binti angelia, mume angekopa, fedha zingekuja. Akasema mbele ya majirani wote wanne, "Vema. Rahani nimeipokea." Wakaleta uzi wa mkonge, wakamfunga Bi Mashavu kwenye kifundo cha mkono, wakatia lakiri na kugandamiza muhuri, kama wafanyavyo kwa bangili na mabirika. Bi Mashavu alikuwa na homa, lakini si kiasi cha kutoelewa. Akafumba macho, akasema polepole, "Shaame, nikipona nitakuua."

"Inshallah, mama," akajibu Shaame.

Basi Tabibu akautumbua uvimbe, akauosha, akaufunga dawa, akamnywesha mizizi michungu asubuhi na jioni. Kazi yake ilikuwa safi, na Bi Mashavu, aliyejua kazi safi akiiona, alimtazama akifunga kitambaa na hakuona kosa. Homa ikaondoka. Mguu ukapungua. Ikafika siku akasimama, akatembea ukumbini mpaka kisimani na kurudi, akasema, "Alhamdulillahi, nimepona. Nakwenda zangu."

"Rahani haiendi zake," akasema bawabu.

Hapo ndipo alipoanza kuona vizuri waliokuwamo. Palikuwa na mkwezi wa minazi, Faki, aliyevunjika mguu na mguu ukaunga zamani. Sasa alikuwa akipanda nguzo za ukumbi ili asisahau kazi. Palikuwa na mwanamke aliyeletwa kujifungua, akajifungua salama, na mtoto alikuwa amekwisha ota meno humo humo, na meno yale yalikula uji, na uji ule uliongezwa kwenye deni la mama yake. "Bibi, zoea," Faki akamwambia. "Hapa ni mahali pazuri sana pa kuwa mzima."

Kila siku baada ya Alasiri Shaame alikuja dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Salamu za Zuwena."

"Salamu hata humu zimo. Fedha je?"

"Nimekwenda kwa wenye maduka. Wameniambia watanikopesha nikionyesha rahani. Nikawaambia rahani yangu iko kwa Tabibu."

"Gogo wewe. Gogo lina faida, hukaliwa."

"Ndiyo, mama."

"Na tumbo la Zuwena?"

"Limeshuka."

Bi Mashavu akahesabu siku kwa vidole. Alijua tumbo likishuka ni nini. Alikuwa ameomba uzi na sindano ashone kofia alipe deni, wakampa, kisha wakamtoza bei ya uzi. Kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo haikupata kukosea, angetoka mjukuu akiwa mtu mwenye ndevu.

Basi ikawa asubuhi moja ya Ijumaa, Shaame akaja dirishani wakati usio wake, akihema kama aliyekimbia.

"Shikamoo, mama. Zuwena ameshikwa na uchungu."

Bi Mashavu akazishika nondo za dirisha. "Tangu lini?"

"Tangu alfajiri. Mkunga yuko. Anasema bado, lakini si sana. Zuwena anakuita."

"Anasemaje?"

Shaame, aliyekuwa akisema kila jambo kama alivyoambiwa, akasema, "Anasema 'Mama'. Hasemi kitu kingine."

Bi Mashavu akageuza uso, akautazama ukuta, kisha akaugeuza tena. "Leo Sultani ana baraza. Nenda ukamwangukie miguuni. Lia. Mwambie ukweli."

"Nikimwangukia atasemaje?"

"Atasema sheria. Kila aliyemwangukia ameambiwa sheria."

"Kama ndicho anachopenda kusema," akasema Shaame, "si afadhali nimwulize hicho hicho?" Akaondoka, na Bi Mashavu akabaki ameshika vyuma, akiwaza kwamba maisha yake yote sasa yamo mikononi mwa mtu asiyeweza kukinga chumvi na mvua.

Haukupita muda askari wakaja kumtwaa. Maana ilikuwa kanuni ya Shangarani kwamba palipo na shauri la rahani, rahani yenyewe iletwe mbele ya baraza ionekane, na Shaame alikuwa ameshitaki shauri la rahani. Basi Bi Mashavu akapitishwa sokoni katikati ya askari wawili, lakiri mkononi, watu wakiuliza ameiba nini. Akajikaza, akaingia barazani kichwa juu. Sultani Badrudini alikuwa amekaa juu ya zulia, kuliani kwake Kadhi, kushotoni kwake Waziri wa Hazina na mawaziri wengine, shaba zikimeta shingoni mwao, na Tabibu Zahrani ameitwa naye amesimama. Mbele yao alikuwa Shaame, miguu yake ina chumvi.

"Sema, ewe muuza chumvi," akanena Sultani.

"Maulana, Mungu akuweke. Kwanza nataka kujua, mama huyu amezuiwa kwa rehema au kwa sheria? Kama rehema inaruhusiwa, naomba rehema. Mkewe, yaani mke wangu, yaani bintiye, yuko katika uchungu hivi sasa."

Wakacheka. Sultani hakucheka. "Rehema iko kwa Mungu. Mimi ninayo sheria, nayo hainyooki kwa huyu ikapinda kwa yule. Mama huyu aliwekwa rahani nawe kwa kinywa chako. Lipa fedha yote leo kabla ya sala ya Ijumaa, umchukue. Usipolipa atakaa, hata angekuwa ni mama yangu mimi."

"Kabla ya sala, Maulana? Hata nikiuza mtaa wangu mzima sipati."

"Hiyo ni kazi yako."

"Basi kwa hukumu yako huyu ni rahani."

"Ni rahani."

"Kama rahani zote? Kila kanuni ya rahani iko juu yake?"

"Kila kanuni," akasema Sultani, na sauti yake ikapanda kidogo, maana kanuni hizo alizitunga mwenyewe. "Haipungui hata moja."

"Kama ni hivyo, Maulana, nimekuja kushitaki. Rahani yangu imetunzwa vibaya. Imeharibiwa."

Baraza zima likaangua kicheko. Bi Mashavu alitamani ardhi ipasuke immeze. Tabibu akaruka mbele. "Imeharibiwa? Mtazameni! Mwanamke aliletwa hapa nusu maiti! Imeharibiwa wapi?"

"Hapo hapo, Tabibu, umekwisha sema mwenyewe," akajibu Shaame kwa adabu. "Maulana, niliweka mama asiyeweza kusimama. Tazama, huyu amesimama. Niliweka mama mwenye homa ya kuchemshia yai, na huyu ukimgusa ni baridi kama mtungi. Niliweka mama aliyekaa kutwa nzima asinambie neno baya hata moja, maana hakuwa na nguvu. Huyu, Maulana, juzi ameniita gogo, na alipofikiri vizuri akaona amelitukana gogo. Hii siyo niliyoiweka. Majirani wanne ni mashahidi."

"Wapi kanuni inayokataza?" akauliza Waziri wa Hazina.

Kadhi akakohoa. Alikuwa mzee asiyependa kusema ila kwa lazima, na sasa ilikuwa lazima. "Ipo. Rahani haitumiwi wala haibadilishwi. Aliyeishika akiibadili bila idhini ya aliyeiweka, deni limekufa, na kitu kinarudi kwa mwenyewe. Maulana atakumbuka lile shauri la sonara. Aliwekewa bangili kuukuu zilizopinda, akaziyeyusha, akafua mpya zenye nakshi. Akasema mbele yako, nimezifanya nzuri kuliko zilivyokuwa."

"Nami nikamjibu nini?" akauliza Sultani, ingawa alijua.

"Ukamjibu, Maulana, kwamba hakuwekewa azifanye nzuri. Aliwekewa aziweke."

Bi Mashavu, aliyekuwa akitazama chini, akainua macho akamtazama mkwewe. Uso wake Shaame ulikuwa vile vile kama siku zote, kama mtu anayengoja aambiwe la kufanya.

Waziri wa Hazina akawa wa kwanza kupata njia. "Hilo ni jepesi, Maulana. Sonara angeweza kuzirudisha bangili zilivyokuwa, asingehukumiwa. Basi na Tabibu airudishe rahani ilivyokuwa. Amrudishie ugonjwa wake."

"Nitapokea," akasema Shaame. "Ila uvimbe uwe pale pale, chini ya goti la kushoto. La kulia sitalikubali."

"Shaame!" Bi Mashavu akapiga ukelele.

"Mama, nisamehe, tuko kwenye sheria."

Lakini aliyebadilika rangi alikuwa Tabibu. "Maulana, mimi? Nirudishe ugonjwa? Mimi ambaye ugonjwa nikiufukuza haurudi? Ikisikika kwamba katika nyumba yangu mgonjwa hupona kisha akarudishiwa maradhi yake, nani atakuja? Hata hawa mabwana wenye shaba watakuja?" Mawaziri wakashika shaba zao, wakatazamana, na ilionekana wazi kwamba hawangekwenda.

Kadhi akakohoa tena. "Na tukisema kweli, Maulana, mtu huru hawekwi rahani. Jambo lile halikuwa sahihi tangu mwanzo."

"Sawasawa!" akadakia Tabibu, kama mtu aliyetupiwa kamba majini. "Kumbe si rahani! Basi sikubadili rahani yoyote."

"Ahsante, Tabibu," akasema Shaame. "Basi kama si rahani ni nini? Maana amefungiwa. Kama ni mfungwa, atajwe kosa lake, na kama kosa ni kupona, mshitakiwe wawili, yeye aliyepona nawe uliyemponya. Kama ni mgeni wako, sijapata kusikia katika mji huu mgeni akatozwa uji aliokaribishwa. Mimi ni mtu mjinga, nitachukua lolote mtakalolichagua."

Sultani Badrudini akazishika ndevu zake. Alikuwa ameapa juu ya kanuni zake mbele ya watu, na sasa zilikuwa zimemzunguka kama kuku wenye njaa. Akatafuta mlango, akauona mmoja, mdogo. "Ngojeni. Kubadilika kwake hakujathibiti. Huenda ugonjwa bado umo, naye anasimama kwa ukaidi tu. Wanawake wa Mkunguni nawajua. Nitautazama mguu huo kwa macho yangu. Ewe mama, tembea."

Bi Mashavu akajua kwamba sasa shauri zima liko gotini mwake. Lakini kwa hakika hakulifikiri hilo sana. Alikuwa akifikiri habari ya mtu anayesema "Mama" na hasemi kitu kingine.

"Nitembee mpaka wapi, Maulana?" akauliza. Alipenda kujua kipimo cha kazi kabla hajaianza.

"Tembea tu. Mpaka nitakaposema basi."

"Na hawa askari?"

"Asikuguse mtu. Nataka kuuona mguu wenyewe, usishikwe wala usisaidiwe."

"Nimesikia, Maulana."

Akakusanya buibui lake, akaanza. Akatembea mbele ya zulia la Sultani, hatua zake sawasawa kama matundu ya kofia zake, akafika nguzo ya kwanza, akaipita. Watu wote wakainama kuutazama mguu wa kushoto. Na Tabibu Zahrani, aliyependa fedha lakini aliyeipenda zaidi kazi yake, akautazama ule mguu ukikanyaga na kuinuka, ukikanyaga na kuinuka, akasahau shauri, akasahau deni, akapiga makofi. "Tazameni! Tazameni goti linavyokunja! Hachechemei hata chembe! Semeni nyote, kuna mwingine katika pwani hii awezaye kumbadilisha mtu namna hii?"

Sultani akamtazama. Akamtazama Kadhi. Kisha kicheko kikamtoka tumboni, si kile cha kifalme bali cha mtu aliyeshikwa pabaya, akacheka mpaka kilemba kikamwegemea sikio. "Ameshuhudia!" akasema. "Dhidi ya... dhidi ya mfuko wake..." na asiweze kumaliza. Mawaziri, walipoona Sultani anacheka, nao wakacheka kwa wajibu.

Bi Mashavu hakugeuka. Akafika nguzo ya mwisho. Akafika mlangoni. Askari wawili wakamtazama Sultani wapate amri, na Sultani alikuwa akipunga mkono hewani akijifuta machozi, na mkono ule haukusema basi wala haukusema shika. Wakasogea kando. Akashuka ngazi, akashika njia ya sokoni.

"Bi Mashavu! Umelipa?" akaulizwa na muuza ndizi.

"Natembea kwa amri ya Sultani."

"Unakwenda wapi?"

"Hajasema."

Akapita nyumba ya tiba, Faki akamwona kutoka juu ya nguzo akapiga mbinja. Akapita kisima cha Mkunguni, wanawake wakaacha ndoo zao. Hapo hatua zake zilianza kuongezeka, maana amri haikutaja mwendo. Akaingia uani kwake, alikoletwa Zuwena kujifungulia, akaisikia sauti yake kabla hajafika mlangoni, ikisema lile neno moja.

"Labeka," akajibu.

Akanawa mikono mpaka viwikoni, akapiga magoti kwa goti lile lile jipya, na mkunga akasogea pembeni kama desturi itakavyo. Haikuwa kazi ndogo. Wakati adhana ya sala ya Ijumaa inamalizika, mtoto wa kike akapokewa na mikono ambayo haikuwa ya mgeni, akalia mara moja kwa sauti ya watu wa upande wa bibi yake, na Zuwena akacheka na kulia vyote pamoja, akasema, "Mama, umetokaje?"

"Sijatoka," akasema Bi Mashavu. "Bado natembea." Na kweli, alipokwisha kumfuta mtoto na kumfunga kanga, hakukaa. Akawa anazunguka naye uani, kutoka jikoni mpaka mlangoni na kurudi, na mkunga alipomletea kigoda, akakikataa.

Baada ya sala Shaame akafika, na nyuma yake askari wa Sultani. Shaame akasimama mlangoni kwa adabu ya mkwe, asiingie mpaka akaribishwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaendelea kutembea. "Wamesemaje?"

"Deni limekufa, mama. Sultani amehukumu. Na Faki, na yule mwanamke mwenye mtoto wa meno, na wote waliokuwamo, wameambiwa waende kwao. Tangu leo Tabibu ataanza kwa kutibu, na hazina itamlipa."

"Hazina itatoa wapi?"

"Waziri naye aliuliza hivyo hivyo. Sultani akamwambia avue shaba yake kwanza, ndipo watahesabu kilichobaki. Wakavua wote."

Na hilo lilitimia, ingawa wajukuu wa Zuwena waliolisimulia baadaye hawakupatana ni kwa muda gani. Wanachopatana ni kwamba juma lile magonjwa mengi yaliisha katika kasri nzima. Mawaziri waligundua kwamba chafya, wakiachwa nazo wenyewe, hupona kwa chai ya tangawizi.

Bi Mashavu akafika mlangoni katika mzunguko wake, akasimamisha macho kwa Shaame, miguu ikiendelea pale pale. Akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye nyayo zile zenye chumvi. Alikuwa na maneno aliyoyaweka tangu siku ya lakiri, mengi na makali, akayaacha kando.

"Mwanao huyu," akasema. "Mshike. Lakini mshike kama nitakavyokuambia. Mkono huu chini ya kichwa, na huu hapa. Usizidishe kitu."

"Ndiyo, mama," akasema Shaame, akamshika kama alivyoambiwa, na akamshika vizuri kabisa.

Askari akajikohoza. Alikuwa mtu mzima mwenye upanga, na ujumbe aliopewa aliuonea haya. "Bi Mashavu, na mimi nimetumwa. Maulana aliulizia uliko, akaambiwa bado unatembea kwa kuwa hajasema neno lake. Akacheka tena hata akakosa pumzi, sala ikachelewa. Basi amenituma nije nikwambie." Akasimama wima, akatoa sauti ya barazani. "Sultani Badrudini amesema: basi."

Bi Mashavu akasimama. Akavuta kile kigoda kwa mguu wake wa kushoto, akakiweka kivulini karibu na mlango wa Zuwena.

"Mwambie Maulana Mungu amweke," akasema. "Maana ilibaki kidogo nichoke." Akakaa, na simulizi hii, iliyokuwa ikimfuata nyuma tangu barazani, nayo ikapata pa kukaa.